Oili ya Maisha

Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari la mwalimu mmoja, akikaza bomba la moshi lililokuwa likigonga kila penye tuta, aliposikia pikapu ikiingia uani na kusimama karibu na pipa la oili chafu. Hakutoka mara moja. Alimaliza nati aliyokuwa ameishika, kwa sababu nati ikiachwa nusu husahaulika, kisha akajisukuma nje juu ya kipande cha boksi alicholalia. Alipofuta jasho machoni alimwona mdogo wake, yule aliyezikwa mwezi uliopita, akifunga mlango wa pikapu kwa waya.

“Shikamoo dada. Nimeleta gari.”

“Marahaba. Umechelewa.”

“Najua.”

Watu walimwita huyo mdogo wake Taratibu, jina alilolipata kwenye usukani. Aliendesha kama mtu aliyepakia mayai, hata akiwa hana mzigo. Wenye baiskeli walimpita wakampungia mkono. Madereva wenzake walikuwa na msemo: ukimtuma Taratibu dawa, mwambie mgonjwa apone kwanza. Siku hiyo alikuwa amevaa shati lake la buluu la kazini, na vumbi la mawe lilikuwa bado kwenye nyusi. Mengine yote yalikuwa kama zamani, isipokuwa maneno yake yalifika nyuma kidogo ya midomo, kama gia inayosita kabla ya kushika. Fundi aliliona hilo kama alivyoona kila kitu kinachochelewa, akaliacha.

Pikapu ilikuwa ya kampuni ya kuchimba mawe. Kazi yake ilikuwa kupandisha mapipa ya dizeli hadi machimboni, mlima wa changarawe wenye shimo upande mmoja. Lilikuwa gari la otomatiki, na kwa muda mrefu gia zake zilikuwa zikiteleza. Dereva akikanyaga mafuta, injini inanguruma, gari linafikiri kwanza, ndipo linakwenda. Taratibu alimwambia Meneja. Alimwambia tena. Mara ya mwisho Meneja alimjibu bila kuinua macho kwenye simu yake: “Oili ya gia boksi ya gari lile ni ya maisha. Haibadilishwi. Wewe endesha.”

Taratibu alilileta jibu hilo kwa dada yake kama lilivyo.

“Maisha ya nani?” Fundi aliuliza.

Akamwambia alilete gari Jumapili, amfanyie kazi kwa oili yake mwenyewe, wala asimwambie mtu. Taratibu alikataa. Gari la kampuni likikutwa kwenye gereji ya nje, dereva anafukuzwa kazi, na akifukuzwa kazi anatoka kwenye nyumba ya kampuni, yeye na mke na watoto. Basi akaendelea kuendesha taratibu, akidhani mwendo wa polepole utamkinga.

Siku yenyewe alikuwa katikati ya mlima, mapipa yamejaa, gia ilipoachia. Injini ilinguruma na magurudumu hayakupata habari. Gari likarudi nyuma. Breki zilishika, changarawe ikakataa, na pikapu ikaingia shimoni kwa mgongo. Ripoti ya kampuni iliandika sababu ya ajali kuwa ni mwendo kasi na uzembe wa dereva. Fundi alisomewa ripoti hiyo msibani, akacheka. Kilikuwa kicheko cha namna ambayo waliokaa karibu naye walihamisha viti.

“Watakukuta hapa na gari lao,” alimwambia sasa.

“Wanifukuze niende wapi tena?” alisema Taratibu.

Paa la pikapu lilikuwa limebonyea na taa moja haikuwepo, lakini injini ilikuwa nzima. Kampuni ililivuta gari kutoka shimoni na kulitelekeza nyuma ya stoo, likisubiri mnunuzi, na Taratibu alilichukua hapo mchana kweupe. Funguo alikuwa nazo bado. Hakuna aliyekumbuka kumwomba azirudishe.

Fundi alilipandisha juu ya jeki, akaweka stendi, akatega beseni pana. Akaanza kulegeza bolti za sampu, lile sinia la chuma lililo chini ya gia boksi. Aliacha zile za mbele zishikilie ili sinia liiname upande mmoja na oili imwagike kwa utaratibu. Bolti hazikuwahi kuguswa. Juu ya kichwa cha kila bolti kulikuwa na doa la rangi ya kiwandani, kamili, kama lakiri. Spana ilipozungusha, rangi ilipasuka kwa sauti ndogo.

Oili ilitoka nyeusi. Oili hiyo ikiwa mpya huwa nyekundu kama juisi, hii ilikuwa kama masizi yaliyoyeyushwa, na ilinuka sufuria iliyosahauliwa motoni. Ndani ya sinia kulikuwa na sumaku ya kukamata vumbi la chuma. Sumaku haikuonekana. Ilikuwa imezikwa ndani ya tope la kijivu. Na filta, Fundi alipoivuta chini na kuipuliza, pumzi yake ilimrudia mwenyewe usoni. Ilikuwa imeziba kama pua ya mtoto mwenye mafua.

“Njoo uone,” aliita.

Taratibu alilala kando yake chini ya gari. Hakuhitaji boksi la kulalia.

“Gia za otomatiki zinashikwa na nguvu ya oili,” Fundi alimwambia. “Pampu inavuta, hapa pameziba, haipati kitu. Ulipopanda na mzigo ikakosa pumzi kabisa. Umeona?”

“Nimeona.” Midomo yake ilisogea, kisha sauti ikafika. “Kwa hiyo siyo mimi?”

“Nini?”

“Huko nilikuwa nikijiuliza. Labda mkono wangu uligusa gia bila kujua. Labda niliitoa mwenyewe. Waliandika uzembe, dada. Mtu akiandikiwa kitu kwa mhuri anaanza kujitafuta ndani.”

Tone la mwisho la oili lilining’inia kwenye ukingo wa sinia, likaanguka.

“Siyo wewe,” Fundi alisema. “Sikiliza nakwambia. Siyo wewe.”

Wakabaki wamelala pale wakitazama tumbo la gari. Fundi alikuwa na hasira iliyomfanya asikie meno yake mwenyewe yakisagana. Aliwahi kuwakasirikia wateja, wauza spea bandia, na mume aliyewahi kuwa naye, lakini hizo zilikuwa hasira zenye mlango wa kutokea. Hii haikuwa na mlango.

Mke wa Taratibu aliwakuta hapo. Alikuja kumwomba wifi yake kamba, maana siku hiyo ndiyo aliyopewa ya kuhama nyumba ya kampuni. Aliona miguu ya Fundi na miguu ya mumewe ikitokeza chini ya pikapu.

“Umeanzia huku,” alimwambia mumewe.

“Nimekuja na gari, mke wangu.”

“Kabati halipiti mlangoni. Ulilitengenezea chumbani, ukasema hatutahama kamwe.”

“Nikimaliza hapa nakuja kulifungua.”

“Ndivyo ulivyosema asubuhi ile,” mkewe alisema. “Nikimaliza nakuja.” Akachukua kamba ukutani akaondoka. Kwenye lango alisimama, akageuka, akasema kwa sauti ile ile ya ukali, “Na hilo shati ulivue, nilifue.” Kisha akaenda zake.

Fundi aliosha sinia kwa petroli, akaisugua sumaku mpaka ikang’aa, akaweka filta mpya na gasketi mpya. Bolti alizikaza kwa kuzipishanisha, moja huku nyingine kule, kidogo kidogo, ili sinia lisipinde. Akamimina oili nyekundu kwa mrija kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Taratibu akawasha injini, akakanyaga breki, akapitisha gia zote, ya kurudi nyuma, ya kwenda mbele, akisubiri kila moja ishike. Zilishika. Gari halikushtuka wala kufikiri. Fundi alichomoa kijiti, akakifuta, akapima, akaongeza kidogo.

Kisha akaimimina ile oili nyeusi ndani ya ndoo, akaiweka filta kuukuu juu ya kitambaa, akapanda kiti cha abiria.

“Twende kwa Meneja.”

Kwenye geti la kampuni mlinzi alimsalimia Taratibu kwa jina na kumuuliza habari za huko. Taratibu alisema vumbi ni lile lile. Mlinzi akatazama karatasi iliyobandikwa kwenye kibanda chake, akakuna shingo.

“Gari linaruhusiwa kuingia,” alisema. “Wewe umeondolewa. Sasa sijui.”

“Na mtu akiwa ndani ya gari linaloruhusiwa?” Fundi aliuliza.

Mlinzi alilipima jambo hilo. “Basi asishuke hapa,” alisema, akainua kizuizi.

Ofisi ya Meneja ilikuwa na zulia la rangi ya krimu na kiyoyozi kilichowafanya wageni wafunge mikono. Meneja alisimama, akampa Fundi pole kwa msiba, akamgeukia Taratibu akampa pole naye. Akawaomba wakae. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa na tabia ya kusikiliza huku akinyoosha kalamu mezani ziwe sambamba.

Fundi alimweleza kila kitu. Alimwonyesha filta. Alimwinulia ndoo anuse. Taratibu naye alieleza mlima, mapipa, injini kunguruma, na mara zote alizowahi kuja mbele ya meza hiyo hiyo kusema gari linateleza. Kwa sababu sauti yake ilichelewa, Meneja alimkatiza mara kadhaa akidhani amemaliza.

“Nimekusikia,” Meneja alisema mwishoni. “Lakini ielewe hali yangu. Kwanza, marehemu ni mhusika. Hawezi kuwa shahidi wa ajali yake mwenyewe, kila marehemu angesema hana kosa. Pili, oili hiyo na filta hiyo zinaweza kutoka gari lolote. Ila mimi ni mtu wa haki. Gari lipo hapo nje. Tulipime.”

Akamwita mkaguzi wa magari wa kampuni, mwanamume mpole mwenye kofia, wakatoka wote. Mkaguzi alipanda pikapu, akaiendesha kuzunguka uwanja, akaipandisha kilima kifupi cha kokoto nyuma ya stoo, akasimama katikati yake, akaondoka tena. Alirudi akitabasamu kwa heshima ya kazi nzuri.

“Gia zinaingia kama siagi,” alisema. “Gari hili halina tatizo.”

“Halina tatizo kwa sababu nimelitengeneza!” Fundi alisema. “Nimelitengeneza leo, mchana huu, kwa mikono hii!”

“Hilo ndilo linalonisikitisha,” Meneja alisema. “Kama kulikuwa na ubovu, wewe ndiye uliyeuondoa. Na bila ruhusa ya kampuni. Sitalifuatilia, kwa kuwa mna msiba.”

Fundi aliingia tena ofisini peke yake. Ndoo ilikuwa palepale alipoiacha. Aliinyanyua kwa mikono miwili na kuimimina juu ya zulia, toka mlangoni hadi mezani, bila haraka, mpaka ikaisha. Oili iliingia ndani ya zulia la krimu na kutulia. Meneja alisimama mlangoni, akaangalia viatu vyake, akaona ni safi. Akainua simu, akasema maneno mawili, akaenda kukaa ofisi ya jirani.

Aliyekuja alikuwa mama wa usafi. Alikuja na ndoo yake, tambara, na magoti yenye maumivu, ambayo aliyakunja kwa awamu, moja kisha jingine. Hakumtazama Fundi. Alianza kusugua kuanzia mlangoni.

Fundi alisimama na ndoo tupu mkononi. Alipokuwa akimimina alifikiria uso wa Meneja tu. Juu ya mama huyu hakuwa amefikiria hata kidogo.

“Samahani, mama,” alisema.

“Wewe ndiye dada yake Taratibu,” mama wa usafi alisema akisugua. “Alikuwa akinipa lifti. Tulichelewa, lakini tulifika.” Kisha akasema, “Oili haitoki kwa maji.”

Fundi alipiga magoti kando yake. Akamwonyesha namna ya kunyunyiza unga wa sabuni mkavu kwanza ili ufyonze, na kufuta bila kusambaza. Walisugua pamoja mpaka jua likawa la rangi ya machungwa dirishani. Doa halikutoka. Wiki iliyofuata kampuni iliweka zulia jipya, la kahawia.

Jioni hiyo Taratibu alilifungua kabati ubao kwa ubao, akalitoa, na familia ikahamia chumba cha nyuma ya gereji, penye rafu za tairi. Mkewe alimvua shati akalifua. Vumbi la mawe lilitoka kwenye shati, kwenye nyusi halikutoka. Watoto walimkalia mapajani kwa zamu wakalalamika kwamba ni baridi. Hakula, lakini alishika kikombe cha chai mpaka kikapoa, ili mkono wake uwe na kitu.

Pikapu ilipewa dereva mwingine. Ripoti ilibaki vilevile. Kwenye ubao wa matangazo wa kampuni waliibandika nakala yake, chini ya kichwa cha maneno kilichosema madereva wajifunze kwa makosa ya wenzao.

Haikupita muda, Taratibu akaingia uani na lori la kokoto. Dereva wa lori alikuwa hai, amekaa kiti cha abiria, amekumbatia galoni ya oili aliyoinunua mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, na aliteremka kwa aibu.

“Nalo linateleza, dada,” Taratibu alisema.

“Lirudishe.”

“Dada.”

“Lirudishe nimesema! Niwatengenezee magari yao, halafu wakague, waseme yalikuwa mazima tangu mwanzo? Mimi ndiye niwafutie ushahidi? Waache wa—”

Hakulimaliza neno. Dereva mnene alikuwa amesimama na galoni yake, akimtazama.

“Fundi,” alisema, “mimi kesho napanda kule juu.”

Fundi alilitazama lori. Alimtazama mdogo wake. Akavuta jeki kubwa kwa mguu, kwa hasira, mpaka ikachora mstari sakafuni.

Baada ya hilo yalikuja mengine. Taratibu aliyachukua kampuni mchana, moja moja, akayaleta kwa mwendo wake ule ule. Mlinzi alikuwa ameshazoea kwamba mtu aliyeondolewa anapita akiwa ndani ya gari linaloruhusiwa. Madereva walinunua oili wenyewe, Fundi alitoa kazi. Yote aliyoyafungua yalikuwa meusi ndani, yote yalikuwa na tope. Aliacha kusikia meno yake, akawa anasikia spana tu, inavyogonga chuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Machimboni ajali zilikoma. Kampuni ilimpa Meneja ngao ya usalama, akapigwa picha ameishika. Akihojiwa alisema siri ni nidhamu ya madereva, hasa baada ya tukio lile la kusikitisha la uzembe.

Kisha siku moja Taratibu alileta gari jeusi, refu, lenye vioo vya giza. Lilikuwa gari la Meneja mwenyewe.

Fundi alilizunguka. “Hili limekuja kufanya nini?”

“Muda wake umefika,” Taratibu alisema.

Fundi alilipandisha juu, akaingia chini. Alilegeza bolti ya kumwagia, akatega kidole. Oili iliyomteremkia kidoleni ilikuwa nyekundu, safi, inapitisha mwanga. Aliinusa. Haikunuka kitu. Akairudishia bolti kabla haijajaza hata kifuniko cha chupa, akabaki chini ya gari kitambo, amelishikilia kwa mkono kama mtu anayezuia lisimwangukie.

“Hii hubadilishwa,” alisema.

“Kila mwaka.”

“Nani analipeleka?”

Taratibu alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu. Alikuwa akikwangua udongo kwenye rimu kwa ukucha, kwa uangalifu, kama alivyokuwa akifanya siku zote kwa gari ambalo si lake.

“Mimi,” alisema. “Alikuwa akinituma mimi. Nilikuwa nakaa nje kwenye benchi mpaka wamalize.”

Fundi alitoka chini ya gari. Alisimama katikati ya ua na spana mkononi, na mdogo wake akasogea pembeni kidogo, kwa sababu alimjua tangu utoto. Vioo vya giza vilikuwa mbele yake, vinne, vizima. Aliirusha spana kwa nguvu zake zote. Ilipiga ukuta wa nyuma, ikang’oa kipande cha plasta, ikaanguka kwenye majani.

Taratibu alilishusha gari kwenye jeki, akaliwasha, akalirudisha kwa mwenyewe, polepole, akiwasha taa ya kona kila penye kona.

Fundi alibaki akipumua. Kisha akaenda kuitafuta spana majanini, kwa kuwa lango lilikuwa wazi na gari la maji la kampuni lilikuwa limeshasimama hapo, dereva wake akiwa ameshuka na galoni mkononi, akingoja aambiwe aingie.